Presha Yangu na ya Mzee Simioni

Jumatatu, 9 Juni 2025

156 kwa 98.

Hiyo ndiyo namba. Daktari Shamimu wa zahanati ameniambia ninunue daftari, kila nikipimwa niandike tarehe na namba, basi. Nimeandika. Lakini ukurasa ni mkubwa, namba ni fupi, na nyumba hii haina mtu wa kumwambia.

Alinipima Aprili, akanipima Mei, na leo tena mara tatu. Haishuki. Binti mdogo, umri wa wasichana wangu wa bweni! Shikamoo mama, kaa vizuri, weka miguu chini, usiongee. Nikakaa kama mwanafunzi. Sukari nzuri, mkojo mzuri. Ni presha tu. Dawa hanipi bado. Miezi mitatu kwanza tujaribu bila vidonge: chumvi ipungue, nitembee nusu saa kila siku, mboga na matunda, kilo nne zitoke mwilini, na kupumua polepole. Septemba ikiwa bado iko juu, vidonge.

Kupumua? Miaka sitini na moja napumua!

Akacheka. Akanionyesha. Vuta ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita. Dakika kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni.

Nimefanya jioni hii. Nyumba iko kimya hadi nasikia pumzi yangu mwenyewe ikiingia na kutoka. Sijui kama ndiyo tiba hiyo.

Mwanangu Nelson sijampigia. Atasema nihamie Mwanza.

Jumatano, 11 Juni

Mchicha bila chumvi — kama kutafuna karatasi. Shamimu alisema niweke limao, nyanya nyingi, kitunguu, tangawizi. Nimeweka vyote. Bado karatasi, ila yenye limao.

Dagaa nimewaloweka, nikamwaga maji mara mbili.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa matroni. Nilikuwa naonja mboga ya wasichana mia tatu, na nikisema imekolea, imekolea. Sasa naonja ya nani? Mume wangu Emanueli ametimiza miaka mitatu kaburini na mkono wangu bado unamimina unga wa watu wawili. Kila siku kiporo.

Jumapili, 15 Juni

Nimekosea kuwaambia akina mama kanisani. Ee Mungu! Kila mmoja ana dawa. Kitunguu swaumu punje tatu kabla ya chai. Majani ya mlonge. Siki. Mmoja kasema niloweke miguu kwenye maji baridi. Kila mmoja ana shangazi aliyepona kabisa. Nimeitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Wote wamenieleza nile nini. Hakuna aliyeniuliza nakula na nani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeanza kutembea. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya kwenda sekondari mpaka darajani na kurudi. Vumbi bado halijaamka.

Na nani yuko barabarani? Simioni! Jirani yangu wa upande wa juu. Fimbo mkononi, koti la mvua wakati mvua hakuna. Anatembea na yeye! Bila ng'ombe, bila jembe, bila mzigo. Kama mimi.

Miaka kumi na minne hatusalimiani. Yeye na Emanueli waligombania kipande cha shamba, upana wa hatua sita hivi. Wakaenda baraza la kata, Emanueli akashinda, basi. Watoto wakakatazwa kuchezea kule, maji ya kisima tukachota kwa zamu ya kukwepana. Siku ya mazishi ya Emanueli alikuja akasimama barabarani, hakuingia. Mke wake alipofariki na mimi nilifanya hivyohivyo. Nilisimama barabarani.

Leo tumepishana darajani. Nikatazama mtoni. Na yeye akatazama mtoni, upande wake.

Alhamisi, 19 Juni

Yupo tena. Yeye kushoto, mimi kulia, barabara nzima katikati. Mwendo wake ni wa polepole, inabidi nijizuie nisimpite. Bodaboda wamepita wakatucheka — leo gwaride!

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwamkia.

Sikupanga. Mdomo tu. Ni mtu wa miaka sabini na mbili, nilimwamkia miaka mingi kabla ya hayo mambo. Shikamoo mzee.

Alikwenda hatua tano, sita. Nikajua amekataa. Halafu nikasikia nyuma yangu: Marahaba.

Nimerudi nyumbani nikapumua zile dakika kumi na tano, nikapoteza hesabu mara tatu.

Jumatatu, 30 Juni

148 kwa 92. Imeshuka! Kilo moja na nusu zimetoka.

Shamimu amefurahi kuliko mimi. Akauliza, unatembea peke yako? Nikasema na jirani. Neno limenitoka lenyewe. Jirani.

Maana sasa tunatembea upande mmoja. Ilianza Ijumaa, lori la mchanga lilikuja, akahamia upande wangu, lori likapita, hakurudi. Hatuongei sana. Kaniuliza nini kinanitembeza. Presha, nikasema. Akasimama. Na mimi, akasema. Yake ni ya zamani, miaka sita, kali — mia tisini na kitu alipokutwa nayo. Anakunywa vidonge viwili kila siku na kila mwezi anakwenda kliniki Mugumu kuchukua vingine. Hata huku kutembea, aliambiwa na daktari wa huko.

Nikamfundisha kupumua. Vuta nne, toa sita. Akanitazama kama mwendawazimu.

"Kupumua nako kunafundishwa, Mama Nelson?"

Mama Nelson! Zamani alikuwa anasema "mke wa yule".

Tulisimama darajani tukapumua, watu wazima wawili. Ng'ombe wa watu wakatupita pembeni. Nilicheka hadi nikashika nguzo.

Jumamosi, 12 Julai

Wiki hii nimepata rozela kavu gulioni, yale maua mekundu. Nimechemsha, hakuna sukari, chungu na kali kama adhabu. Shamimu alisema inaweza kusaidia kidogo, siyo muujiza. Nimemwekea mzee kwenye chupa. Alikunywa akakunja uso wote. Kesho yake akairudisha chupa tupu na akaniletea ndizi.

Leo kaongea. Mwenyewe, bila kuulizwa. Kwamba tangu mke wake afe anakula uji asubuhi na uji jioni, kwa sababu kupika ugali wa mtu mmoja ni kujitukana. Kwamba binti yake Sarah yuko Musoma, anapiga simu Jumapili, na wakishamaliza kusalimiana yeye hana la kusema. Kwamba mke wa mpwa wake, Judith, anakuja kufua, lakini ana watoto wadogo, hakai.

Nikamwambia na mimi. Kiporo na mambo yote.

Halafu akasema — bila kunitazama — hatua sita. Tulinyang'anyana hatua sita na Emanueli, na kila asubuhi mimi na wewe tunatembea elfu ngapi za bure.

Nikaanza kuzihesabu hatua zetu.

Jumatano, 23 Julai

Nelson kapiga. Kaambiwa na mtu. Mama, unatembea na Simioni? Yule yule? Baba angesema nini?

Nikamwambia baba yako hasemi kitu. Na wewe husemi kitu mpaka usikie habari za watu.

Akasema atakuja Desemba. Mwaka jana pia alisema hivyohivyo.

Nikakaa pale na simu mkononi, nikahisi mapigo shingoni. Nikavuta nne. Nikatoa sita. Nikavuta. Baada ya muda yalitulia. Hilo limenishangaza, kwamba kweli yalitulia.

Jumatatu, 4 Agosti

136 kwa 86!!

Bila kidonge hata kimoja! Shamimu amepiga makofi, muuguzi mmoja kachungulia mlangoni kuona kuna nini. Kilo tatu na nusu. Sketi inazunguka kiunoni.

Akanikalisha tena, akawa makini. Mama, hii ni kwa presha ya kiasi chako. Usiende kuwaambia watu wanaokunywa dawa kwamba waache. Mwenye dawa atembee, apunguze chumvi, apumue, na dawa anywe. Hayo mengine ni nyongeza.

Nimeelewa, nikasema. Na nilielewa. Naandika hapa kwamba nilielewa.

Nilimkuta mzee amekaa nje kwake ananisubiri. Ananisubiri mimi! Nikamwonyesha daftari, kurasa za namba tu, haya mengine nilifunika kwa mkono. Hasomi vizuri bila miwani lakini namba aliziona. 156, 148, 136. Akapitisha kidole juu yake.

Bila dawa? akauliza.

Bila dawa! nikasema. Kwa sauti, kama mtu aliyeshinda mbio. Nilikuwa na furaha. Hayo ya nyongeza sikuyasema.

Alhamisi, 14 Agosti

Kuna jambo.

Leo darajani mzee kasema, nimeziacha. Nini? Zile dawa. Tangu wiki iliyopita. Kliniki ilikuwa Jumatatu, hakwenda. Zinamvimbisha miguu, zinamchosha, na mbona yeye anatembea kama mimi, anakula bila chumvi kama mimi, anakunywa yale maji machungu kama mimi.

Kama wewe, akasema. Anatabasamu. Hana meno mawili ya mbele, nilikuwa sijawahi kuona.

Nilitaka kusema. Maneno ya Shamimu yalikuwa hapa mdomoni, yote, kwa mpangilio. Nikasema tu, lakini utamwambia daktari? Akasema akienda atamwambia. Nikasema haya.

Haya! Ndiyo neno nililosema.

Kwa nini? Sijui. Kwa sababu asubuhi ilikuwa nzuri. Kwa sababu kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyetaka kuwa kama mimi. Kwa sababu niliogopa nikimgombeza atarudi upande wake wa barabara.

Kesho nitamwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Jana hakukuwa na nafasi, Judith na watoto walikuwa wanaenda kanisani kufanya usafi, tulitembea nao. Leo nilianza — mzee, kuhusu zile dawa — akasema anajisikia mwepesi kama kijana. Akaruka mfereji kunionyesha.

Nikacheka.

Jumatano, 20 Agosti

Kichwa kinamuuma, kisogoni. Anasema ni jua. Nikamwambia twende zahanati, Shamimu akupime tu. Kesho, akasema. Nikamwambia vidonge viko wapi, unywe leo. Akasema viliisha, ndiyo maana ya kwenda kliniki. Basi Ijumaa twende wote Mugumu, nikasema, nitakusindikiza. Akakubali.

Angalau nimesema. Nimechelewa lakini nimesema.

Ijumaa, 22 Agosti

Hakutoka.

Nilisimama barabarani mpaka jua likapanda. Nikasema labda amelala. Nikasema labda amekasirika. Mwisho nikaingia uani kwake — mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne — nikapiga hodi. Kimya. Nikasukuma mlango.

Alikuwa sakafuni pembeni ya kitanda, macho wazi. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia umelala kama siyo wake. Aliniona. Alijaribu kuongea ikatoka sauti tu.

Nilipiga kelele hadi Judith akaja. Shamimu alikuja na pikipiki. 214 kwa 120. Gari la wagonjwa likaja saa nne. Nilipanda nyuma pamoja naye, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wake.

Njia nzima alishika kidole changu kwa ule mkono mzima. Sikuweza kuhesabu nne, wala sita, wala chochote.

Jumamosi, 23 Agosti

Mugumu, wodi ya wanaume. Nimekaa kwenye benchi nje. Kiharusi. Daktari anasema mshipa kichwani. Anasema atabaki hai, lakini hajui kwa hali gani.

Sarah amefika kutoka Musoma. Mrefu kama baba yake. Nilimwona mara ya mwisho akiwa amevaa sare ya shule ya msingi. Aliniamkia akanishukuru kwa kumleta. Ananishukuru!

Daktari alikuja na kadi ya kliniki. Mbona hajachukua dawa mwezi huu? Nani alimwambia aache?

Sarah akamtazama Judith. Judith akasema yeye hajui. Wote wakanitazama mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa pale tu.

Nikasema sijui.

Jumapili, 31 Agosti

Nimerudi nyumbani tangu Jumatano. Kule kuna ndugu sasa, benchi limejaa.

Nimejaribu kutembea. Nilifika kwenye mkunjo wa barabara nikageuka. Miguu ipo, mwendo haupo. Nimekula ugali na chumvi. Nimeweka tu, kama kumkomoa mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Miezi mitatu imetimia. 152 kwa 94.

Shamimu alitazama mashine, akanitazama mimi. Hakunigombeza. Mama, hulali? Silali. Unatembea? Hapana. Akasema turudie wiki mbili, ikiwa bado ataniandikia kidonge, na siyo aibu, ni dawa tu.

Nikamwambia yeye. Kila kitu. Ile "bila dawa!" na ile "haya". Alizungusha kifuniko cha kalamu. Akasema watu wengi huacha wenyewe, mama, hata bila kuambiwa. Halafu akasema, lakini ulikuwa unajua.

Ndiyo.

Nashukuru kwamba alimalizia na hilo la pili.

Ijumaa, 12 Septemba

Mzee amerudishwa nyumbani. Nilisita siku nzima, jioni nikaenda. Amekaa kwenye kiti, ameegemezwa mito. Amepungua! Neno halitoki, ni "aa" na "tata" tu, na hilo tata, ambalo kikwetu ni baba, siyo kwamba anamwita baba yake, ndilo neno lililobaki mdomoni.

Sarah alikuwa anahangaika kumpa dawa. Anatema. Amemtemea kidonge kwenye nguo mara mbili, Judith naye kajaribu, kang'atwa kidole. Nikasema nipe. Nikakaa mbele yake. Mzee, nikasema, kunywa. Akanitazama. Akafungua mdomo.

Akameza.

Sarah akalia palepale, amesimama na kikombe. Mimi sikulia. Sina haki hiyo.

Jumapili, 14 Septemba

Sarah alikuja baada ya ibada. Nilimwekea chai. Alikuwa na pakiti za dawa kwenye mfuko wa karatasi, akazipanga mezani, na karatasi aliyoandika kwa mkono wake: hiki kimoja, hiki kimoja, saa mbili asubuhi, baada ya uji. Kesho anarudi kazini Musoma, likizo imeisha. Judith atampikia, atamwogesha. Lakini dawa hazikubali kwa mtu mwingine.

"Mama, naomba iwe wewe. Miezi hii ya karibuni nikipiga simu Jumapili alikuwa na maneno. Alikuwa ananihadithia mlivyopumua darajani. Nilijua ana mtu."

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi sana! Ndiyo, mwanangu, nitampa, na ingekuwa imekwisha, na angeniita mama maisha yangu yote.

Nikamwambia.

Nilianza na daftari nikaishia sakafuni pembeni ya kitanda. Sikuacha kitu. Nilimwambia hata kwamba hospitalini nilisema sijui. Chai yake ilipoa. Nilipomaliza alitazama meza, akatazama mikono yangu, akainuka. Akatoka. Hakupiga mlango. Alifunga taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Nilikaa sijui muda gani. Nilipoinuka kuondoa vikombe ndipo nikaona: dawa ziko mezani. Zote, na karatasi yake.

Nikampigia. Inaita. Hakupokea.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimesikia bodaboda ikimchukua Sarah alfajiri. Ilipunguza mwendo hapa kwangu — au ni lile bonde barabarani, zote hupunguza pale. Nilisimama nyuma ya pazia. Haikusimama.

Nimempigia tena. Inaita tu. Labda yuko kwenye gari, kelele. Labda anaona jina langu.

Amesahau au ameniachia? Kama alisahau, angerudi, ni hatua chache. Kama aliniachia, angesema. Ile karatasi haisaidii, aliiandika kabla hajajua. Nimeisoma mara nyingi. Saa mbili asubuhi, baada ya uji.

Sasa ni saa mbili kasoro dakika tano. Sijanywa chai. Sijapumua, sijafanya lolote katika yale mambo ya daftari hili.

Judith amepiga simu sasa hivi. Mama Nelson, mzee amemaliza uji. Nimemuuliza anafanya nini. Hafanyi kitu, kasema, anatazama mlango.